Mbinu za Kuwalinda Wanyonge Katika Gemu za Mikakati ya Kihistoria

Wengi wanaocheza Europa Universalis IV hupita njia ileile: shika dola kubwa, meza jirani mmoja baada ya mwingine, paka ramani rangi yako mpaka mchezo ufike ukingoni mwaka 1821. Raha ipo, ila huisha mapema. Ukifika karne ya 17 hakuna tena wa kukutia kiwewe. Mshindi unamjua kabla hujatangaza vita.

Ndani ya gemu hiyohiyo kuna mchezo mwingine. Unashika nchi yenye nguvu za kadiri, unatafuta wanyonge ambao historia iliwafuta kwenye ramani, kisha unahakikisha hawafutiki. Hapa ugumu hauishi. Anayeteka huongezeka nguvu kila mwaka. Anayelinda hutumia fedha na askari bila kupata hata jimbo moja, na mbabe aliyemzuia magharibi anaendelea kunenepa mashariki. Lengo lenyewe pia ni gumu kuliko linavyosikika: mnyonge wako abaki hai, na abaki huru, hata kwako wewe.

Anza na tarehe za msiba

Gemu hufunguka tarehe 11 Novemba 1444. Historia imeshakuwekea ratiba ya watakaoanguka, kwa hiyo huna haja ya kubuni malengo. Chukua karatasi uandike:

- Bizanti: Konstantinopoli ilitekwa na Waosmani tarehe 29 Mei 1453.
- Trebizond: ilifuata mwaka 1461, kwa mkono uleule.
- Granada: ilisalimu amri kwa wafalme wa Kastilia na Aragon tarehe 2 Januari 1492.
- Kilwa: ilivamiwa na Wareno wa Francisco de Almeida mwezi Julai 1505; Mombasa ikachomwa mwezi uliofuata.
- Brittany: iliunganishwa rasmi na Ufaransa mwaka 1532.

Chagua wawili tu. Kila nchi ina nafasi chache za mahusiano ya kidiplomasia, kwa kawaida 4 mwanzoni, na dhamana, miungano na nchi tegemezi zote hula nafasi hizo. Ukizidisha, unalipa kwa pointi za diplomasia kila mwezi, nazo ndizo unazozihitaji kwa teknolojia ya meli na biashara. Mwenye wanyonge watano hamlindi hata mmoja.

Kisha weka kipimo cha ushindi kabla hujaanza. Mimi napendelea hiki: miaka 50 baada ya tarehe ya msiba, nchi ile iwe bado inashika mji wake mkuu na isiwe chini ya mtu yeyote. Kwa Granada, maana yake ni Januari 1542. Kwa Kilwa, Julai 1555.

Chagua kiti cha mlinzi

Usichukue Waosmani wala Ufaransa. Hao ndio wababe wenyewe, na ukiwashika umeondoa tatizo badala ya kulitatua. Mlinzi mzuri ana sifa tatu: anaweza kumfikia mnyonge kwa nchi kavu au kwa meli, ana fedha za kugawa, na hana nguvu za kumshinda mbabe peke yake kwa urahisi.

Kwa anayejifunza, Austria ni darasa zuri. Mwaka 1444 inashika kiti cha kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, na kanuni za gemu zimeshamfanya kaisari kuwa mlinzi: nchi ya nje ikimshambulia mwanachama wa dola, kaisari huitwa kumtetea, na akikataa mamlaka yake hushuka. Humo ndani kuna vijinchi vya jimbo moja moja chungu nzima, kwa hiyo kazi haitakosekana. Utajifunza upesi jinsi wito wa kutetea unavyokuja wakati hazina yako imekauka.

Kwa Bizanti, chukua Venice. Ina merikebu, ina fedha, na ina visiwa vya karibu kama Crete na Corfu vya kuwekea jeshi. Kwa Granada, chukua Moroko, ila ujue kwamba Ceuta imo mikononi mwa Wareno tangu 1415, kwa hiyo adui yumo mlangoni kwako kabla hujavuka bahari. Kwa pwani ya Afrika Mashariki, chukua Gujarat au Wamamluki wa Misri. Hawa walijaribu kweli: kundi la meli za Wamamluki na Gujarat liliwashinda Wareno huko Chaul mwaka 1508, likavunjwa huko Diu mwaka uliofuata. Una nafasi ya kujaribu tena ukiwa na maandalizi bora.

Zana, kuanzia nyepesi hadi nzito

Kanuni ya kukumbuka ni moja: tumia zana nyepesi kabisa inayotosha. Kila unapopanda ngazi, unampunguzia mnyonge uhuru wake au unajiongezea mzigo.

Fedha. Mtume balozi aboreshe mahusiano, toa zawadi, kisha ruzuku ya kila mwezi. Dukati chache kwako ni kidogo, lakini kwa nchi ya majimbo mawili huenda zikawa tofauti kati ya kuajiri mamluki na kusalimu amri. Ruzuku haikuingizi vitani, na mbabe hana la kulalamika.

Dhamana ya uhuru. Hii ndiyo roho ya mchezo huu. Unatangaza kwamba atakayemgusa fulani atakutana nawe. Yeye hawajibiki kukusaidia kwa lolote. Faida yake kubwa ni vita ambayo haitokei. Kompyuta hupima majeshi ya pande zote mbili kabla ya kushambulia, na jina lako limo kwenye hesabu hiyo. Kwa sababu hiyo jeshi lako lenyewe ni sehemu ya dhamana. Ukilivunja ili kubana matumizi, au ukiingia vita ya mbali iliyokumalizia askari, dhamana imebaki karatasi. Wito ukija nawe ukaukataa, heshima yako hushuka na mnyonge hubaki peke yake.

Onyo. Badala ya kumlinda mmoja, unamwonya mbabe asiwaguse majirani. Linafaa pale unapopakana naye na kuna vijinchi kadhaa vilivyo hatarini kwa pamoja.

Muungano wa kijeshi. Una nguvu kuliko dhamana, lakini ni wa pande mbili. Mnyonge anaweza kukuburuta kwenye ugomvi wake, nawe utashawishika kumwita kwenye wako. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Ukimwita mtu wa majimbo mawili kupigana na Wahungaria, umemtoa kafara uliyeapa kumlinda.

Kulazimisha amani. Vita ikishaanza na hukuwa na dhamana, bado una mlango. Ukiwa na mahusiano mazuri sana na anayevamiwa, unaweza kumtaka mvamizi aache. Akikataa, unaingia upande wa mvamiwa. Zana hii ni nzuri kwa sababu haili nafasi ya mahusiano wakati wa amani. Hata hivyo inadai uwe umejenga urafiki mapema, kwa hiyo balozi wako asikae bure.

Kuunga mkono uhuru. Wapo wanyonge waliokwisha kumezwa. Uswidi inaanza mchezo ikiwa chini ya Denmark, na katika historia ilijinasua mwaka 1523 kwa uongozi wa Gustav Vasa. Ukiunga mkono uhuru wake, hamu yake ya kujitenga hupanda, na siku ikiinuka utaitwa upigane bega kwa bega nayo. Ukiishika Poland au Moscow, hii ni kazi tosha ya miaka ya mwanzo.

Kuifanya nchi tegemezi. Hapa ndipo wengi wanapokimbilia kwanza, na ndipo mchezo unapofia. Tutalirudia hilo.

Vita yenyewe: mfano wa Konstantinopoli

Tuseme umeshika Venice na umeidhamini Bizanti. Bizanti ina mji wenyewe na kipande cha Ugiriki ya kusini. Waosmani wako pande zote mbili za mlango wa bahari, Ulaya na Anatolia, na kwa askari wa nchi kavu huwawezi.

Usikimbilie kuteremsha jeshi. Sitisha mchezo kwanza, bofya ngao ya Waosmani, uangalie wako vitani na nani. Kwa kawaida watakuwa na shughuli huko Anatolia, na Karaman ni windo lao la mara kwa mara. Wakati jeshi lao kuu liko upande ule, hapo ndipo penye nafasi yako. Merikebu zako za makasia zina nguvu zaidi katika bahari za ndani kama hizi. Zipeleke zizibe mlango wa bahari, na jeshi la Anatolia halivuki. Ghafla dola kubwa limekatika vipande viwili, na upande wa Ulaya umebaki na vikosi vichache na ngome zisizo na msaada.

Sasa teremsha askari wako na uzingire ngome moja baada ya nyingine, huku jicho likiwa baharini. Meli zikichakaa, zirudishe bandarini kwa zamu, usizirudishe zote kwa pamoja. Siku mlango ukiachwa wazi, maelfu watavuka na vita itageuka. Anayelinda anahitaji tu kuchosha: kadiri muda unavyopita mbabe akiwa hajachukua lengo lake la vita, ndivyo mizani inavyoegemea upande wako.

Jambo moja la kuangalia kila mara ni nani kiongozi wa vita upande wenu. Kiongozi ndiye anayesaini mkataba kwa niaba ya wote. Ikiwa ni mnyonge wako, anaweza kukubali masharti mabaya wakati wewe bado una nguvu. Ikiwa ni wewe, hakikisha hatoki peke yake kwa amani ya kando: mpe ruzuku, na ikiwezekana ukomboe mji wake kabla ya kufanya lingine lolote.

Kwenye meza ya amani

Umeshinda, na gemu inakupa orodha ya majimbo ya kuchukua. Usiyachukue. Badala yake dai ardhi irudi kwa wenyewe, dai nchi zilizofutwa zifufuliwe, chukua fedha za kulipia gharama zako, uishie hapo. Kuna sababu ya kimchezo: unayejitwalia majimbo huchukiwa na majirani, na chuki ikizidi wanaunda muungano wa kukukabili wote kwa pamoja. Anayerudisha haki za watu hachukiwi vile.

Mbinu nzuri ni kufufua nchi kati ya mbabe na mnyonge wako. Ukimwondoa mbabe mpakani, umempa mnyonge miaka mingi kuliko dhamana yoyote ingempa. Bulgaria au Serbia iliyofufuka upande wa Ulaya ni ukuta kwa Konstantinopoli.

Mkataba wa kusitisha vita hudumu kati ya miaka 5 na 15 kulingana na uzito wa masharti. Uandike mwaka wa mwisho wake kwenye karatasi yako. Muda huo ni wa kazi: ruzuku zaidi, na kumtafutia mnyonge marafiki wengine. Mbabe naye ana kalenda yake, na mara nyingi hurudi mkataba ukiisha tu.

Mlinzi asigeuke bwana

Watu wa pwani yetu wanalijua somo hili vizuri kuliko gemu yoyote. Malindi ilimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 kwa sababu ilihofia Mombasa na ikataka mkubwa wa kuiegemea. Ililipwa, lakini Wareno waliishia kujenga Fort Jesus huko Mombasa kuanzia 1593, na Malindi ikafifia. Mombasa nayo ikawaita Waomani wawaondoe Wareno. Ngome ilizingirwa kuanzia 1696 na kuangushwa mwaka 1698. Mlinzi akaja, akashinda, akakaa.

Halafu kuna kinyume chake. Mwaka 1824 Wamazrui wa Mombasa, wakimwogopa Seyyid Said, mtawala wa Oman, walimwomba nahodha Mwingereza William Owen bendera ya ulinzi, naye akawapa bila idhini ya wakubwa wake. Mwaka 1826 serikali yake iliifuta dhamana ile. Mwaka 1837 Mombasa ikawa mikononi mwa Seyyid Said. Mlinzi mmoja alizidisha mkono, mwingine aliuondoa. Kwa mlindwa matokeo yakawa yaleyale.

Kwa hiyo jiwekee masharti ambayo gemu haikulazimishi:

1. Sichukui jimbo lolote lililowahi kuwa la ninayemlinda, hata kama limo mikononi mwa adui yetu sote.
2. Sifanyi nchi tegemezi. Hali ikiwa mbaya kiasi kwamba ni hilo au kifo, naiandika tarehe ya kuiachia, isiyozidi miaka 20, na naiheshimu.
3. Sitoi dhamana nisiyoweza kuitekeleza msimu huo huo. Kama meli zangu hazifiki, sisemi kitu.
4. Ninayemlinda akigeuka mbabe, namwacha, nahamia kwa windo lake jipya.

Sharti la 4 ndilo linaloleta vituko. Kwenye pwani ya gemu hii, Kilwa huanza na ardhi kubwa kuliko Malindi, Mombasa au Pate. Ukiipa fedha na ulinzi dhidi ya Wareno, inaweza kutumia utulivu ule kuwameza majirani zake. Hapo itakubidi uwaze upya: unalinda nchi, au unalinda haki ya mdogo kuwepo? Mimi nimeshatumia meli zilezile kuilinda Kilwa na kisha kuizuia isiigeuke Malindi, na sijapata kuchangamka hivyo kwa kuteka.

Gemu nyingine

Katika Hearts of Iron IV, pa kuanzia ni Ethiopia. Gemu inafunguka Januari 1936, na uvamizi wa Italia ulioanza Oktoba 1935 tayari unaendelea. Katika historia Shirika la Mataifa liliweka vikwazo lakini likaacha mafuta nje ya vikwazo hivyo, na mfereji wa Suez ukabaki wazi kwa meli za Italia. Addis Ababa ikaanguka tarehe 5 Mei 1936. Gemu inaiga uzito ule: nchi za kidemokrasia zimebanwa kutoa dhamana, silaha na askari wa kujitolea mpaka kipimo cha mvutano wa dunia kipande. Ukitaka kuisaidia Ethiopia mapema, shika nchi isiyobanwa hivyo, au shika Ethiopia yenyewe ulinde milima na kuirefusha vita mpaka dunia ichafuke.

Katika Victoria 3, inayoanza 1836, ulinzi hufanyika zaidi kabla ya risasi ya kwanza. Mbabe akitoa madai, hufunguka kipindi cha mvutano ambapo mataifa huchagua upande. Ukijitokeza mapema na jeshi lililo tayari upande wa mnyonge, mara nyingine mdai hurudi nyuma bila vita. Ila sharti uwe umetangaza maslahi yako katika eneo hilo kabla. Usipotangaza utabaki mtazamaji. Mfano wa kihistoria umo ndani ya kipindi hicho: mkataba wa London wa 1839 uliodhamini uhuru wa Ubelgiji, na ambao Uingereza iliutaja ilipoingia vitani mwaka 1914.

Jaribio la mwisho

Ukifika tarehe uliyojiwekea, usiangalie alama zako. Zitakuwa za chini na hazina maana hapa. Hifadhi mchezo, toka, kisha ufungue tena ukichagua nchi uliyokuwa unailinda. Europa Universalis IV inaruhusu hilo mradi hukuanza kwa ile hali ya kuhifadhi faili moja tu. Kagua hazina, ngome, deni, na orodha ya washirika wake. Kisha icheze miaka 10 bila kumwita mlinzi wake wa zamani.

Ikisimama, umeshinda. Ikianguka mwaka wa pili, ulikuwa ukiiweka hai kwa pumzi zako, na kampeni inayofuata igawie ruzuku zaidi na vita kidogo. Huwa napendekeza Trebizond kwa awamu hiyo: ni ndogo, iko pabaya, na hakuna anayeikumbuka.